Kibandiko cha Wati 12,000 na Soketi ya Ampea 13: Elimu kwa Mafundi wa Spika na Wateja Wao

Dawati la huduma la maabara yetu ya kupima spika linaendelea kupokea malalamiko ya aina mbili kuhusu spika zinazoundwa hapa Nairobi. Wateja wanalalamika kwamba wamenunua boksi za kanisa au za baa zilizoandikwa maelfu ya wati, na koili (waya uliozungushwa ndani ya spika, unaosukuma koni) zikaungua kabla mwezi haujaisha. Mafundi nao, kuanzia Kariobangi Light Industries hadi vibanda vya nyuma ya Luthuli Avenue, wanalalamika kwamba maabara inaua ufundi, kwamba spika haipimwi bali husikilizwa. Makala haya yanawahusu wote. Yanaeleza pia utaratibu wa kuleta spika ipimwe, maana wengi hufika bila maandalizi na tunalazimika kuwarudisha.

Tuanze na kibandiko. Herufi PMPO (Peak Music Power Output), zinazoandikwa kando ya wati hizo, hazina maana katika kiwango chochote cha kimataifa. Hazisemi wati zimepimwa kwa muda gani, kwa mawimbi gani, wala sauti ikiwa imekwaruza kiasi gani. Anayetaka kuamini wati 12,000 afanye hesabu moja tu. Soketi ya ukutani Kenya ni ampea 13 kwa volti 240, yaani wati 3,120, na hizo ni za kila kitu kinachochomekwa hapo, hata birika. Amplifaya nyingine zina fyuzi ya ampea 3 kwenye plagi. Hizo ni wati 720 zinazoingia, kabla amplifaya haijapoteza sehemu yake kwa joto. Kwenye matatu hali ni hiyo hiyo: redio isiyo na busta (amplifaya ya ziada), yenye volti 14.4 injini ikiwa inanguruma, haiwezi kuvuka takriban wati 26 safi kwa spika ya omu 4, hata usoni iwe imeandikwa 50 mara nne. Hili si suala la maoni.

Wati za spika zina njia yake ya kupimwa. Katika kiwango cha IEC 60268-5, cha tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, spika hupigiwa kelele maalumu ya majaribio kwa saa 100 mfululizo, na baada ya hapo ni lazima iwe bado inafanya kazi kama ilivyokuwa. Kiwango cha AES, chama cha wahandisi wa sauti, hutumia saa 2. Fundi ambaye hajafanya lolote kati ya hayo asiandike wati zake mwenyewe. Aandike zile za mtengenezaji wa wufa (spika ya besi) na twita (spika ndogo ya sauti za juu), na aseme ni za nani. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inahesabu maelezo ya uongo kuhusu uwezo wa bidhaa kuwa mwenendo usio wa haki, na mnunuzi aliyepotoshwa anaweza kuvunja mapatano kwa kutoa notisi ndani ya mwaka mmoja. Tumeambiwa mara nyingi mno kwamba kibandiko kilinunuliwa dukani kikiwa kimeshachapishwa. Aliyekibandika ndiye aliyesema maneno yake.

Sasa tuje kwa sikio. Hakuna ofisa wa maabara yetu anayebeza sikio la fundi aliyefunga muziki kwenye nganya, matatu zilizorembwa, za Rongai na Umoja miaka nenda miaka rudi. Fundi huyo anasikia twita iliyopasuka kabla sisi hatujawasha kompyuta. Lakini sikio halifanyi kazi peke yake. Linashirikiana na macho. Floyd Toole na Sean Olive, wakiwa kampuni ya Harman, Marekani, walichapisha mwaka 1994 matokeo ya jaribio ambalo wafanyakazi wa kampuni hiyo walisikiliza spika zile zile mara wakiziona, mara zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Walipoziona, alama zilifuata ukubwa na sura ya boksi. Pazia lilipofungwa, alama zilibadilika. Na hao walikuwa watu wa kazi hiyo, si wapita njia.

Kuna na mtego wa pili, ambao unatumika kila siku madukani, kwa kujua au kwa kutojua: spika inayolia kwa nguvu zaidi kidogo huonekana bora. Tofauti ya desibeli moja inatosha. Kwa hiyo mteja anayelinganisha spika mbili adai zisawazishwe kwanza kwa mita ya sauti, tofauti isizidi nusu desibeli, ndipo asikilize. Muuzaji akikataa, mteja ameshapata jibu lake.

Wala kupima hakukuja kumfukuza msikilizaji. Wahandisi wa BBC, Uingereza, walipokuwa wakiunda spika za kusimamia sauti studioni, walipima maabara na pia waliilinganisha spika na sauti ya mtu halisi anayezungumza chumba cha pili. Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na baada yake Richard Small mwanzoni mwa miaka ya 1970, walionyesha jinsi tabia za wufa zinavyoamua ukubwa wa boksi. Hapa ndipo boksi nyingi za jua kali huharibikia. Fundi anaiga vipimo vya boksi kutoka ng'ambo hadi milimita, anakata MDF (ubao wa unga wa mbao) vizuri kabisa, anaunganisha kwa gundi na skrubu bila kuacha upenyo, kisha anaweka wufa tofauti na ile iliyokusudiwa. Besi inavuma kwenye noti moja, na lawama anabebeshwa amplifaya. Mwashi hanyooshi ukuta kwa jicho wakati timazi iko mfukoni, na kwa fundi wa spika timazi hiyo ni grafu ya impidensi, yaani ukinzani wa spika kwa umeme katika kila masafa ya sauti.

Grafu hiyo ni rahisi kupata. Kompyuta yenye kadi ya sauti, rezista moja ya thamani inayojulikana, na programu ya Room EQ Wizard, ambayo toleo lake la msingi ni la bure, zinatosha. Boksi yenye bomba la kutolea hewa huonyesha vilima viwili, na bonde lililo kati yake ndilo masafa ambayo bomba limepangiwa kuvumisha. Ukikata bomba la PVC fupi zaidi, bonde linapanda, ukilirefusha, linashuka. Katika dakika kumi unaona kile ambacho ungekibahatisha siku nzima. Grafu hiyo hiyo inamaliza ubishi wa omu. Multimita ikisoma 6 kwenye spika ya omu 8, spika si mbovu wala hukuuziwa feki: multimita inasoma ukinzani wa waya wa koili tu. Kanuni ni kwamba impidensi isishuke chini ya asilimia 80 ya ile iliyoandikwa, yaani omu 6.4 kwa spika ya omu 8. Na ukiunganisha mbili za omu 8 sambamba, amplifaya inaona 4. Tunaomba jambo hili lisiletwe tena kama malalamiko.

Kipimo cha pili ni mwitikio wa masafa, yaani nguvu ya sauti katika kila masafa, mbele ya spika na pembeni yake. Maabara kubwa huzungusha spika nyuzi 10 kila mara, mlalo na wima, na kupata vipimo 70, kama inavyoelekezwa katika kiwango cha CTA-2034-A. Fundi wa Gikomba hahitaji 70. Ainue spika mita 1.5 juu ya ardhi, uwanjani, mbali na ukuta, maikrofoni ikiwa mita 1 mbele. Apime mbele, kisha nyuzi 15, 30, 45 na 60. Mwangwi wa ardhi utafika baada ya milisekunde 6 hivi, kwa hiyo akikata rekodi hapo asiamini chochote kilicho chini ya hezi 200. Besi aipime maikrofoni ikikaribia kugusa koni. Muda mzuri ni Jumapili asubuhi mashine za majirani zikiwa zimezimwa, ingawa hapo ndipo spika za makanisa huamka.

Maikrofoni ya kupimia huja na faili yake ya urekebishaji, yenye namba ileile iliyo mwilini mwa maikrofoni. Tumeletewa grafu zilizopimwa bila faili hiyo, na nyingine kwa faili ya maikrofoni ya jirani. Grafu za namna hiyo hatuzijadili.

Cha tatu ni wepesi wa spika: desibeli ngapi kwa volti 2.83 umbali wa mita 1. Spika ya 93 hupata kwa wati 25 sauti ambayo ile ya 87 huipata kwa wati 100. Hii ndiyo namba ya kuandika kwenye kibandiko, ikiwa lazima pawe na namba kubwa.

Jambo moja linatuchosha, na tuliseme wazi. Ripoti ya maabara kuhusu spika si kibali cha kupiga muziki. Kelele ziko chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na Serikali ya Kaunti, na Kanuni za Kelele za 2009 hazijali spika yako ni nzuri kiasi gani. Mchana ni kuanzia saa 12:01 asubuhi hadi saa 2:00 usiku. Eneo la biashara linaruhusiwa desibeli 60 mchana. Nje katika eneo la makazi ni 50. Usiku yote mawili ni 35. Nyumba za ibada ni 40 mchana na 35 usiku. Adhabu iliyomo katika kanuni hizo ni faini isiyozidi Sh350,000, au kifungo kisichozidi miezi 18, au vyote viwili. Programu ya simu inaweza kukuonya, lakini haitakutetea: kipimo kinachosimama ni cha mita inayokidhi kiwango cha IEC 61672, iliyokaguliwa kwa kalibreta (kifaa kinachotoa sauti ya kiwango kinachojulikana) ya desibeli 94 kabla na baada ya kupima.

Anayetaka kuleta spika kwetu azingatie yafuatayo. Alete mbili za muundo mmoja, gundi ikiwa imekauka kabisa na kitambaa kimefungwa. Alete mchoro wa boksi ukiwa na vipimo vya ndani, jina na modeli ya kila wufa na twita, na mchoro wa krosova, saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita. Krosova iliyofichwa kwa lami au gundi haitapimwa hadi ifunguliwe. Waya ziwe na alama ya chanya na hasi. Jaribio la nguvu linaweza kuiharibu spika, kwa hiyo fomu ya ridhaa hutiwa saini na mwenye spika mwenyewe, si na mhudumu wa bodaboda aliyeileta. Ripoti inahusu sampuli zilizoletwa peke yake, na nembo ya taasisi haibandikwi kwenye boksi, tangazo wala matatu. Ikibandikwa, ripoti inafutwa na ombi linalofuata halipokelewi. Spika zilizokwisha kupimwa zichukuliwe mapema. Chumba cha kuhifadhia ni kidogo, na kwa sasa kimejaa.