Kwa nini mama mzazi hupewa ushauri tofauti na kila anayemuuliza?

Saa nane za usiku mtoto analia. Mama kampakata mkono wa kushoto, simu iko mkono wa kulia. Mama yake amemwambia hili, mama mkwe kamwambia lile, nesi wa kliniki naye ana lake, na simu inammwagia majibu kumi kwa mpigo. Ni rahisi kudhani kwamba mmoja tu ndiye anayejua. Mara nyingi wote walifundishwa vizuri, ila hawakufundishwa mwaka mmoja.

Chukua suala la kumlaza mtoto. Bibi anayesisitiza alazwe kifudifudi hakulizua. Zamani wataalamu wengi walishauri hivyo, wakihofia mtoto akicheua chali atapaliwa. Baadaye watafiti waliwalinganisha watoto waliofariki ghafla usingizini na wenzao waliokuwa hai, wakaona kifudifudi ndiko kwenye hatari kubwa. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo hivyo vikapungua kwa takriban nusu. Na ile hofu ya kupaliwa? Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa anayocheua hayapandi kirahisi kuingia kwenye njia ya hewa.

Karanga zina kisa cha karibu zaidi. Mwaka 2000 madaktari wa watoto Marekani walishauri watoto walio katika hatari ya mzio (aleji) wasionjeshwe hadi miaka 3. Ushauri huo ukaondolewa 2008. Mwaka 2015 utafiti uliofanyika London ukaonyesha kinyume chake: watoto wa kundi hilo walioanza kula vyakula vya karanga kabla ya kutimiza mwaka walipata mzio huo kwa kiwango kilichopungua kwa takriban asilimia 80. Kwa hiyo dada wawili waliopishana miaka 10 kujifungua wanaweza kubishana, na kila mmoja akawa anamnukuu daktari wake kwa usahihi. Maziwa ya mama pekee ni hivyo hivyo: hadi 2001 Shirika la Afya Duniani lilisema miezi 4 hadi 6, kisha likasema 6 kamili.

Ndiyo maana naona swali la kumuuliza anayekushauri ni hili: uliambiwa lini, na nani?

Lakini kuna elimu isiyopitwa na wakati, nayo huwezi kuipata kwenye simu. Mama anayeumia anaponyonyesha anaweza kusoma usiku kucha asipone. Mwanamke mzoefu akiketi kando yake huona mara moja: mtoto ameshika chuchu tu. Humsogeza, husubiri kinywa kifunguke sana, kidevu kikagusa titi, mdomo wa chini ukabinuka nje. Maumivu yanapungua papo hapo. Hapo mama, shangazi au mkunga anashinda maandishi yote.

Dawa na homa ni habari nyingine. Asali, hata ya kulamba kidogo, haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vinavyotoa sumu ndani ya utumbo wake. Na mtoto wa chini ya miezi 3 akifikisha joto la nyuzi 38, funga simu, mbebe, nenda hospitali usiku huo huo.