Hakimiliki na mipaka ya "matumizi ya haki"

Hakimiliki ni haki ambayo sheria humpa mtunzi juu ya kazi aliyoibuni, iwe shairi, wimbo, picha, filamu au programu ya kompyuta, ili yeye ndiye aamue nani ainakili, aiuze, aitafsiri au aitangaze hadharani. Kwa mujibu wa Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama wake, haki hiyo haitegemei usajili, ingawa usajili husaidia ushahidi mgogoro unapozuka. Kinacholindwa ni namna wazo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe: wivu wa wake wenza unaweza kutungiwa nyimbo mia za taarab na kila mtunzi akawa na haki yake, mradi hakuna aliyechukua beti za mwenzake.

Haki hiyo ina mipaka, kwa kuwa mhakiki asiyeruhusiwa kunukuu hawezi kuhakiki. Nchini Marekani mpaka huo huitwa matumizi ya haki (fair use), yaani kutumia kazi ya mwingine bila ruhusa kwa namna inayokubalika, na kifungu cha 107 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1976 humtaka hakimu apime kwa pamoja dhumuni la matumizi, aina ya kazi iliyotumiwa, kiasi kilichochukuliwa na athari zake katika soko la kazi hiyo.

Wengi hudhani kwamba kuchukua kidogo ni salama. Mwaka 1979 jarida la The Nation lilipata muswada wa kumbukumbu za Rais wa zamani Gerald Ford kabla haujachapishwa, likanukuu maneno yapatayo 300 tu katika makala yake. Jarida la Time, lililokuwa limekubali kununua haki ya kuchapisha dondoo za kwanza, likakataa kulipa dola 12,500 zilizosalia. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hayo hayakuwa matumizi ya haki, kwa sababu maneno hayo machache, hasa yaliyohusu msamaha ambao Ford alimpa Richard Nixon, rais aliyemtangulia, ndiyo yaliyokuwa kiini cha kitabu.

Sheria za Tanzania na Kenya hazifuati kipimo hicho kipana, bali hutaja matumizi yanayoruhusiwa, yakiwemo matumizi binafsi, kunukuu na kutangaza habari za matukio, na mara nyingi kwa sharti la kutaja chanzo. Kutaja huko ni wajibu, wala hakugeuki kuwa ruhusa. Anayepakia wimbo mzima na kuandika chini yake kwamba hana nia ya kukiuka hakimiliki hajajikinga na lolote. Kwa maoni yangu, amekaribia kukiri kwamba alijua kazi ina mwenyewe. Ruhusa huombwa kwa mwenye haki, ambaye si lazima awe mwimbaji, kwani katika wimbo mmoja wa taarab maneno yanaweza kuwa ya mshairi, muziki ukawa wa mtu mwingine na rekodi ikawa ya studio.