Ufadhili si ushirikiano wa ubunifu

Kampuni hutoa fedha za kupanda miti, kisha taarifa yake ya mwaka ikauita mradi huo ushirikiano katika ubunifu wa kimazingira. Ubunifu wa kimazingira ni bidhaa au mbinu mpya ya uzalishaji inayoyadhuru mazingira kidogo kuliko ile iliyotangulia, na kushirikiana katika huo ni kuibuni mbinu hiyo pamoja na walio nje ya kampuni: wagavi, wateja, vyuo vikuu, hata washindani.

Ukarimu hauhusiki sana hapa, kwa maana kinachoisukuma kampuni kutafuta washirika nje ni upungufu wa maarifa. Mradi wa HYBRIT ulianzishwa Uswidi mwaka 2016 na SSAB inayotengeneza chuma, LKAB inayochimba madini yake na Vattenfall inayozalisha umeme, kwa lengo la kuondoa oksijeni katika madini hayo kwa hidrojeni badala ya makaa ya mawe, ili kinachotoka kiwe maji badala ya hewa ya ukaa. Hidrojeni hiyo hudai umeme mwingi usiotokana na makaa wala mafuta, na madini nayo hayana budi kuandaliwa upya, kazi ambazo mtengenezaji wa chuma hakuzisomea. Mwaka 2021 chuma cha kwanza cha aina hiyo kilifikishwa kwa Volvo, na bila mmoja wa wale watatu kisingepatikana.

Ipo pia sababu ya gharama: hewa safi humnufaisha kila mtu, ilhali bili humfuata aliyebuni, na ndiyo maana wengi hupenda kuigawana, mara nyingi serikali ikichangia.

Linalosahaulika zaidi ni kwamba mshirika hachukui nafasi ya utafiti wa ndani. Watafiti Wesley Cohen na Daniel Levinthal walieleza mwaka 1990 kwamba uwezo wa kampuni kufyonza maarifa ya nje hutegemea yale iliyo nayo tayari, kwa hiyo anayefunga maabara yake akitumaini chuo kikuu kitamfikiria hatayaelewa hata majibu atakayoletewa.

Kampuni iliyoagiza mitambo ya sola na kufungiwa na fundi imenunua, na kununua si aibu. Itakuwa imeshirikiana pale wahandisi wake watakapoketi na watengenezaji wa mitambo hiyo kuibuni upya, kila upande ukileta ujuzi ambao mwenzake hana.