Tiba ya sehemu za nafsi: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Ukiambiwa ndani yako kuna "sehemu" zinazobishana, basi umepandwa na kitu.

Ukweli: Hii husikika Dar es Salaam, na wapo wanaoishia kwa mganga au kwenye maombezi kabla ya kumwona mshauri. Tiba hii (kwa Kiingereza Internal Family Systems) ni ya mazungumzo na mshauri, haishughulikii jini wala pepo. Richard Schwartz, mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani, aliianzisha miaka ya 1980 baada ya kuwasikiliza wateja wenye matatizo ya ulaji: sehemu moja yao inakula kupita kiasi, nyingine inawasimanga kwa kula. Mvutano wa namna hiyo kila mtu anao. Roho moja inataka uache kazi, nyingine inasema vumilia, kodi ya miezi sita inakaribia. Lakini anayesikia sauti masikioni zikimwamuru, au anayepotelewa na saa nzima asijue alikuwa wapi, aanzie kwa daktari wa magonjwa ya akili. Muhimbili idara ipo.

Dhana: Kazi yake ni kuing'oa sehemu mbaya.

Ukweli: Hapa ndipo wengi wanapokwama, hata baadhi ya washauri. Katika tiba hii hakuna sehemu mbaya, kuna sehemu iliyobebeshwa kazi mbaya. Zipo zinazopanga na kukosoa ili usiumie. Zipo wazima moto, zinazokurupuka maumivu yakishawaka: pombe, hasira, simu hadi saa nane usiku. Aina hizo mbili ni walinzi, na nyuma yao wamefichwa wadogo, yaani sehemu za kitoto zenye aibu na hofu ya zamani.

Mchukue mama mwenye duka Kariakoo anayehesabu mauzo mara nne kabla ya kulala. Hatumwambii aache. Kwanza aitafute mwilini sehemu inayomhesabisha: labda kifua kinabana. Atulie nayo, aone ina sura gani, umri gani. Kisha swali la kupimia: unajisikiaje kuielekea? Akijibu "inanikera", hiyo ni sehemu nyingine imejipenyeza. Iombwe isogee pembeni kidogo. Akijibu "natamani kujua inataka nini", njia imefunguka. Ndipo aiulize inaogopa nini kitatokea ikiacha kuhesabu. Jibu likija "tutafukuzwa nyumba tena", tumefika mlangoni kwa yule mdogo aliyefichwa. Mlango huo haufunguliwi bila ruhusa ya mlinzi. Ukilazimisha, mlinzi hurudi na nguvu zaidi: kichwa kinauma, usingizi unakuja katikati ya kikao, au mteja haonekani tena.

Dhana: Unaweza kujitibu mwenyewe kwa video za mtandaoni.

Ukweli: Nusu nusu. Kuzungumza na mkosoaji wako wa ndani kwa dakika kumi na daftari, sawa. Kumfukua mtoto wa ndani aliyedhulumiwa ukiwa peke yako usiku, hapana. Ukizidiwa hakuna wa kukurudisha.

Dhana: Imeshathibitishwa kuliko tiba nyingine zote.

Ukweli: Bado. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusisha wagonjwa 79 wa baridi yabisi, na waliopata tiba hii walipata nafuu ya maumivu na ya dalili za sonona kuliko waliopewa elimu ya ugonjwa tu. Ni matokeo mazuri, ila ni ya watu wachache. Tiba ya fikra na tabia ina ushahidi mwingi zaidi. Kwa hiyo anayekwambia uache dawa zako kwa sababu ya tiba hii, mkimbie.

Kabla ya kulipia kikao, muulize mtaalamu: nikizidiwa katikati, utafanya nini? Anayeijua kazi atasema atasimama, atakurudisha kwenye pumzi, miguu sakafuni na vitu unavyoviona chumbani, na hatagusa jeraha tena siku hiyo. Akikujibu kwamba kulia sana ndiyo kupona, tafuta mwingine.