pH ya tangi la maji chumvi: tunayoambiana na yalivyo kweli

Wengi wanaofuga samaki wa baharini nyumbani wakipima asubuhi wakakuta pH (kipimo cha asidi ya maji, namba ikishuka asidi imezidi) iko 7.9 wanashtuka, wanakimbilia chupa ya kupandisha pH, na hapo ndo matatizo yanapoanza. Naomba tuongee hili vizuri maana samaki wanakufa bure.

Kwanza hiyo habari kwamba pH lazima isimame kwenye 8.3 saa zote. Hapana jamani, hata baharini haisimami. Maji ya juu ya bahari kwa wastani ni kama 8.1, na kwenye miamba ya matumbawe inapanda mchana inashuka usiku. Taa zikiwaka mwani unatumia hewa ukaa iliyomo kwenye maji, taa zikizimwa kila chenye uhai humo ndani kinapumua tu, hewa ukaa inajaa, inageuka asidi nyepesi, pH inashuka. Kwa hiyo alfajiri kabla ya taa ndo iko chini kabisa na jioni ndo iko juu kabisa. Leo umepima saa moja asubuhi, kesho saa kumi jioni, halafu unasema imepanda, hapo hujajua kitu, pima muda ule ule kila siku. Ikicheza kati ya 7.8 na 8.4 samaki wako wapo sawa, matumbawe ndo hujenga mifupa polepole kidogo ikiwa chini.

"pH ikiwa chini maji yameharibika, weka dawa." Hii ndo inaniuma zaidi kwa sababu mara nyingi tatizo wala halipo kwenye maji, lipo kwenye hewa ya chumba. Fikiria chumba cha Dar au Mombasa, madirisha yamefungwa kwa ajili ya AC, watu wanne wamelala humo, na hizi AC za ukutani haziingizi hewa mpya, zinazungusha ile ile ya ndani. Hewa ukaa tunayotoa puani inaingia kwenye tangi usiku kucha, halafu asubuhi mtu anailaumu chumvi aliyonunua. Kuhakikisha ni rahisi: chota maji ya tangi kwenye bakuli, pima, toka nalo nje barazani, weka kijipampu cha hewa kibubujishe kama saa moja, pima tena. Ikipanda vizuri nje, na bakuli la pili ulilobubujisha ndani ya chumba halijapanda, basi dawa ni dirisha. Mwenye skima (kile kifaa kinachosafisha maji kwa mapovu ya hewa) apitishe mpira wake wa hewa dirishani uvute ya nje. Na kama yote mawili yamepanda, maana yake maji ya tangi hayachanganyiki na hewa vya kutosha, elekeza pampu juu ivuruge uso wa maji, toa na lile jifuniko la kioo.

Halafu kuna kuchanganya pH na alkaliniti. Alkaliniti ni akiba ya maji ya kupambana na asidi, inapimwa kwa dKH, na bahari ina kama dKH 7, kwenye tangi watu wanakaa kati ya 7 na 11. Unaweza ukawa na alkaliniti nzuri kabisa na pH iko 7.8 kwa sababu ya ile hewa ya chumba, sasa ukiendelea kumwaga dawa unapandisha alkaliniti mpaka inapitiliza, kalsiamu inaanza kuganda nyeupe kwenye hita na pampu, na pH baada ya muda inarudi pale pale. Ndo maana nasema pima alkaliniti kwanza. Ikiwa kweli ipo chini, baking soda ya kawaida inatosha, gramu 3 kwa lita 100 inapandisha kama dKH 1, koroga kwenye maji masafi uimimine taratibu, usizidishe hapo kwa siku. Ila usitegemee ipandishe pH, ikiingia tu inaweza hata kuishusha kidogo.

Magadi ya kupikia maharage tafadhali usiweke, hata ukiambiwa ni soda ile ile. Ni kweli yana kaboneti ndani yake lakini yametoka ardhini na uchafu wake, mengine yana floraidi nyingi, na hujui umeweka kiasi gani cha nini.

Mchanga wa matumbawe kwamba unashikilia pH yenyewe? Kwenye pH ya 8 huko hauyeyuki, mpaka maji yawe na asidi ya kutosha, na tangi likifika huko tayari lina shida.

Sisi wa pwani tunaochota maji ya bahari yenyewe tunaamini hayo hayahitaji kupimwa. Yanahitaji. Wakati wa masika ukichota karibu na mto unapomwaga, mfano Msimbazi pale Salender, Dar, chumvi imepungua na alkaliniti imebadilika, bila kutaja takataka za mjini. Na ukiyafungia kwenye madumu siku kadhaa vijidudu vinakufa humo, pH inashuka, kwa hiyo yabubujishe hewa kabla ya kutumia.

La mwisho ni mfuko wa samaki mpya. Wanasema fungua mfuko, dondoshea maji ya tangi masaa mengi azoee pH. Kama samaki amesafiri mbali, hewa ukaa iliyojaa mfukoni imeshusha pH, na pH ya chini ndo iliyoifanya amonia, sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki mwenyewe, isiwe kali. Ukifungua, hewa ukaa inatoka, pH inapanda, na kila pH inapopanda kwa 1 ile amonia ya sumu inaongezeka karibu mara 10. Uache mfuko uelee kwenye tangi ukiwa bado umefungwa kama dakika 15 joto lilingane, pima chumvi ya maji ya mfuko, na kama inakaribiana na ya tangi mtoe samaki umuingize, maji ya mfuko yamwage.