Wanafunzi wa uinjinia wapime kwanza, ushauri baadaye

Tunaandika haya kwa wahadhiri na vijana wa digrii ya kwanza kwa sababu ripoti za ukaguzi wa nishati zinazotufikia zimezidi kufanana, kurasa nyingi halafu ushauri ule ule, badilisheni taa ziwe za LED, fungeni kapasita, wekeni sola, na hakuna hata mahali pamoja mtu amepima kitu. Vijana hatuwalaumu, ndivyo walivyofundishwa.

Ila hii ya kapasita jamani tumeshaisema sana. Kapasita inarekebisha pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli), inashusha kVA, yaani mzigo mzima unaovutwa kwenye laini, na kama mteja anatozwa faini ya pawa fakta itapungua, lakini kWh za mota, yaani nishati inayoliwa kweli, zinabaki karibu vile vile, kinachookolewa ni kile kidogo kilichokuwa kinapotea kwenye nyaya. Anayeandika kwamba kapasita itakata nusu ya matumizi bado hajatenganisha kVA na kWh, asipewe maksi hapo.

Chukua mfano huu wa darasani. Kiwanda kinatoa bidhaa 1,000 kwa mwezi kinakula kWh 50,000, mwezi unaofuata oda zinapungua, bidhaa 500, kWh 35,000. Mwanafunzi anagawanya, anapata 50 halafu 70 kwa kila bidhaa, anaandika ufanisi umeshuka. Sio kweli! Achore grafu ya nishati na uzalishaji ataona bidhaa 500 zilizopungua zimeshusha kWh 15,000, yaani kila bidhaa inakula kWh 30 miezi yote miwili, na kuna kWh 20,000 zinazoliwa hata kama hakuna kinachotengenezwa. Kwa kazi halisi achukue miezi 12 au zaidi, miwili haitoshi, lakini swali ni lile lile, hizo 20,000 zinaenda wapi?

Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza. Mpeleke kiwandani siku uzalishaji umesimama, atembee kimya, upepo wa kompresa unaovuja atausikia kwa masikio yake, feni zinazozunguka bure ataziona. Na feni iliyobanwa kwa dempa (kibao cha kuzuia hewa) mda wote, amwulize fundi kwa nini isipunguzwe spidi, maana pawa ya feni inafuata spidi kwa kipeo cha tatu, ukiishusha hadi asilimia 80 inabaki karibu nusu tu.

Kuhusu vipimo, loga, kifaa kinachorekodi vipimo chenyewe, ikae siku 7 mfululizo wikendi ikiwemo, andika namba ya kifaa na tarehe ya kalibresheni (kuhakiki usahihi wake), na paneli yenye umeme ifunguliwe na fundi mwenye sifa, sio mwanafunzi, hilo halina mjadala.

Wakishaajiriwa watakutana na ISO 50001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa nishati, toleo la 2018, yenyewe inataka msingi wa kulinganishia na viashiria vinavyotokana na data. Kampuni ikikutwa na kasoro kubwa kwenye ukaguzi wa awali wa cheti, wenye hatua mbili, haipewi cheti mpaka irekebishe, na marekebisho yasipothibitishwa ndani ya miezi 6 ukaguzi wa hatua ya pili unarudiwa wote, tena kwa gharama, kisa injinia hakuweka mita.

Kwahiyo ripoti isiyo na vipimo tutairudisha bila kuisoma. Ambatanisha faili la data kutoka kwenye loga lenyewe, picha ya grafu peke yake haitoshi.