Hatari ya Dimensia Si Hatari ya Transfoma

Wiki hii mlinzi wa ploti yetu hapa Umoja ameniuliza amebakisha miaka mingapi kabla akili haijamtoka. Jirani amemwambia kuwa kukosa usingizi ni hatari, kunaleta dimensia. Mzee wa watu amelinda usiku miaka 18, na sasa hata mchana usingizi haumjii kwa hofu.

Dimensia ni kudhoofika kwa akili, si kumbukumbu tu bali hata lugha na uamuzi, mpaka mtu anashindwa kujitegemea. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo chake kikuu. Neno linaloniudhi ni hatari.

Sisi wa Nairobi tumelizoea kwenye transfoma ya stima, limebandikwa pamoja na fuvu la kichwa. Pale maana yake ni moja: ukigusa, umekwisha. Lakini neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na kwao khatar, mbali na jambo la kuogofya, ni pia kile kinachowekwa katika dau: mali ambayo huenda ikapotea, huenda ikarudi. Daktari akitaja hatari, maana yake iko karibu na dau kuliko transfoma. Anapima uwezekano katika umati, hamtabirii mtu mmoja kesho yake.

Anayesema "kunaleta" anazungumzia sababu, na sabab katika Kiarabu cha kale ni kamba. Kamba ya kufunga usingizi na dimensia bado haijakazwa. Tunajua ubongo huondoa taka usingizini, ikiwemo amiloidi, protini inayorundikana katika ubongo wa mwenye Alzheimer. Tunajua pia kwamba ugonjwa wenyewe, ukianza kimyakimya, unaweza kuharibu usingizi miaka mingi kabla ya dalili nyingine.

Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu karibu 8,000 kwa miaka 25. Waliolala saa 6 au chini yake tangu umri wa miaka 50 hadi 70 walikuwa na hatari iliyozidi kwa 30% ile ya waliolala saa 7. Thelathini ya nini? Tuseme kati ya watu 100 wangeugua 7. Sasa wanakuwa kama 9. Wale 91 nao walilala kidogo vilevile.

Jirani, ukipita getini jioni, mwambie tu kwamba kulala saa chache kunaweza kuongeza uwezekano wa dimensia. Kisha muulize kama chumba chake kina pazia zito la mchana.